Ni Rangi Tu, Dada

Asubuhi ya tatu nilitoka uani na kikombe cha chai mkononi, nikaondoa shuka niliyokuwa nimelifunikia kabati, nikaliona doa. Kabati lilikuwa limekwisha kula mikono miwili ya rangi nyeupe, na jana yake jioni lilikuwa safi kama tui la kwanza. Sasa kwenye mlango wa kushoto kulikuwa na mstari mrefu wa rangi ya chai ya maziwa, umefuata nyuzi za mbao kuanzia bawaba ya juu mpaka ya chini. Nilidhani ni uchafu. Nikafuta, haukufutika. Nikapiga mkono wa tatu, nikaenda kupika. Alasiri mstari umerudi, safari hii una wekundu, na umekuja na wenzake.

Nikapiga mkono wa nne. Naandika hili wazi kwa sababu najua wapo wanaosoma hapa ambao leo wako kwenye mkono wa nne.

Kabati lilikuwa la mama mmoja wa Ilala, muuguzi mstaafu. Aliyenitafuta ni binti yake, aliyeona Instagram picha za kazi zangu za kukarabati fanicha za zamani. Alinieleza kwamba ni kabati la vyombo, la zamani, liko imara, ila haliendani na sofa mpya. "Ni rangi tu, dada. Lipige jeupe." Nikamtajia shilingi 280,000 kwenye simu, bila kuligusa kabati lenyewe, na kesho yake kirikuu kikalishusha mlangoni kwangu.

Maneno hayo, "ni rangi tu", huyasema karibu kila mteja. Siwalaumu, maana rangi ndiyo kitu pekee wanachokiona. Lakini rangi ni kazi ya siku ya mwisho. Kabla yake kuna siku za kuvua, kukwangua, kuziba na kungoja, na fundi asiyezitia siku hizo kwenye bei atafanya kazi mpaka mgongo umuume na asijue pesa imepitia wapi. Mimi nilifanya hivyo karibu miaka miwili.

Nilianza mwaka 2017, bila mpango wowote wa biashara. Mama mkwe wangu alikuwa anahamia kwa mwanawe mwingine Kigamboni, chumba ni kidogo, akaacha kwetu Chang'ombe dresing tebo yake aliyoolewa nayo. Kioo kilikuwa na madoa meusi pembeni, mguu mmoja unacheza, polishi imebabuka kama ngozi iliyoungua na jua. Mume wangu alishauri tumpe muuza mkaa aipasue. Mimi nikanunua karatasi nne za msasa, kopo dogo la vanishi na gundi, nikakaa nayo uani wiki nzima watoto wakiwa shule. Ilipokamilika haikuwa nzuri sana; leo ningeona michirizi ya brashi kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini mama mkwe alipokuja kututembelea, hata kabla hajakaa, alipita moja kwa moja mpaka pale ilipo, akavuta mtoto wa meza, akanusa ndani. Akakaa kimya kidogo. Kisha akaniambia, "Ahsante, mwanangu. Bado ina harufu ya kwetu."

Jirani aliyekuwepo siku hiyo akaniletea stuli mbili. Baada yake mwalimu wa watoto akaleta meza. Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Kutoka kwetu mpaka Keko ni mwendo wa miguu. Watu wa Dar es Salaam wanaijua Keko kwa fanicha mpya: vitanda vimesimamishwa kando ya barabara, sofa bado uchi bila kitambaa, vumbi la mbao limetanda hadi kwenye majani ya miembe. Mimi nilikwenda kumtafuta mtu anayejua vya zamani. Nilielekezwa kwa mzee mmoja anayepiga polishi nyuma ya karakana ya wajukuu zake. Nikamwamkia, akaitikia, nikatoa simu nimwonyeshe picha ya meza iliyokuwa inanisumbua. Hakuitazama.

"Picha haina uzito," alisema. "Niletee droo."

Nikarudi na droo kwenye bajaji. Aliigeuza chini juu kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Chini ya droo, alinieleza, hakuna mtu anayepaka polishi wala rangi, kwa hiyo pale mbao iko kama ilivyotoka msumenoni. Akaikwaruza kwa kisu mahali padogo, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Tangu siku ile sijawahi kutoa bei kabla ya kugeuza droo. Isipokuwa mara moja, na mmekwisha kuisikia.

Ngoja nikae kidogo kwenye mbao, maana hapa ndipo wengi wanaoanza wanapopapita haraka. Fanicha nyingi nzuri za zamani mjini hapa ni za mninga. Mti wake unatoka kwenye misitu ya miombo, Tabora, Katavi na Rukwa huko, na ukiukata unatoa utomvu mwekundu kabisa kama damu. Mbao yake ni ya hudhurungi yenye wekundu au njano kwa mbali, si nzito sana, na sifa yake kubwa kwa mji wa pwani kama wetu ni kwamba haitanuki na kusinyaa ovyo. Ndiyo maana unakuta droo ya mninga ya miaka 40 bado inateleza vizuri masika na kiangazi. Mkongo ni mzito zaidi na mgumu. Msasa unaisha mkononi nao haujatikisika. Mvule huanza na unjano, ukikaa na mwanga unakuwa mweusi mweusi, na vumbi lake ni baya: mimi linanitoa mafua na upele mikononi, na wapo wanaobanwa kifua, kwa hiyo siugusi bila barakoa na mikono mirefu. Msaji una mafuta ya asili ndani yake, na usipoufuta kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, kabla ya kupaka, vanishi inabanduka baadaye. Paini, zile mbao nyeupe zinazoletwa kutoka Sao Hill kule Mufindi, ni rahisi kufanyia kazi lakini macho yake, yale mafundo ya duara, yanatoa utomvu unaopenya rangi hata baada ya miezi.

Halafu kuna zile ambazo si mbao nzima. Makabati mengi ya miaka ya 1970 na 1980 yana ngozi nyembamba ya mbao nzuri iliyogandishwa juu ya plaiwudi. Wengine huiita vinia. Ukiishambulia kwa mashine ya msasa unaitoboa kwa dakika moja, na ukishaitoboa huna la kufanya zaidi ya kuificha kwa rangi. Niliitoboa ya mtu mmoja wa Upanga, familia iliyokuwa inahamia Kanada na kuuza kila kitu isipokuwa meza ile. Nilimlipa. Ilinichukua miezi mitatu kumaliza deni hilo, na sijutii kulilipa.

Baada ya mbao unauliza limepakwa nini. Hapa kuna kipimo ambacho mzee alinifundisha na ambacho hakina gharama. Chukua pamba, ichovye kwenye spiriti, iguse sehemu iliyojificha, mfano nyuma ya mguu. Kama inanata na kuyeyuka, hiyo ni polishi ya zamani ya shelaki. Kama spiriti haifanyi kitu, jaribu tina. Ikilainika ni laka, ile vanishi inayokauka haraka, iliyopulizwa kwa mashine. Kama vyote viwili vinaiacha ilivyo, ni vanishi ya mafuta au kitu kipya zaidi, na hapo jiandae na jasho.

Shelaki ndiyo aliyokuwa anaipiga mzee maisha yake yote. Inatengenezwa kutokana na utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaokaa kwenye matawi ya miti huko India na Thailand. Inakuja ikiwa vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, unavilowesha kwenye spiriti vinayeyuka. Mzee anaipaka kwa kitambaa kilichofungwa pamba ndani, mkono unazunguka, unazunguka, hauruhusiwi kusimama juu ya mbao hata sekunde, la sivyo unaacha kovu. Anaweza kupiga hivyo mara 30 kwenye uso wa meza moja. Udhaifu wake ni kwamba kikombe cha moto kinaiachia duara jeupe, na pombe inaiyeyusha. Uzuri wake ni kwamba inarekebishika: ikichakaa huhitaji kuivua, unaongeza nyingine juu nayo inaungana na ya chini.

Na ina kazi nyingine. Inafunga. Kilichomo ndani ya mbao kinabaki ndani. Hilo nililijua kwa kuambiwa, lakini sikulielewa mpaka lilipokuja kabati la Ilala.

Kuvua ndiko kunakokula siku. Kuna dawa za kutolea rangi ambazo unapaka, unasubiri, rangi inavimba kama malengelenge unaikwangua. Zinaokoa muda. Lakini soma kopo kwanza. Nyingine zina methilini kloraidi, ambayo mvuke wake umeua watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa. Marekani waliipiga marufuku mwaka 2019 kwenye dawa za aina hii zinazouzwa kwa watu wa kawaida. Mimi siitumii kabisa. Natumia kisu cha puti kilichonolewa pembe zikaviringwa, kipande cha kioo kwa sehemu tambarare, na msasa: namba 80 kama hali ni mbaya, kisha 120, kisha 180, na 240 ya kumalizia. Usiruke namba. Mikwaruzo ya 80 haiondolewi na 240, inafichwa tu, na vanishi ikishakauka inajitokeza yote. Na siku zote unafuata nyuzi za mbao, hata kama mkono umechoka na ungependa kukata kona.

Vumbi hilo silipeani. Jirani yetu anafuga kuku, na wafugaji wanapenda maranda ya Keko ya kutandika bandani, akaniomba na ya kwangu. Nilimkatalia, akaninunia wiki nzima. Maranda ya Keko ni mbao mpya. Vumbi langu lina rangi za watu wa miaka iliyopita, na rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Inaharibu ubongo taratibu bila kuonyesha dalili. Kwa sababu hiyo hiyo, kitanda cha mtoto chenye rangi ya zamani sikipigi msasa mkavu. Nakilowesha, nakwangua kikiwa kibichi, nakusanya mabaki kwenye mfuko, watoto wa nyumbani wakiwa hawapo. Nilimweleza jirani haya yote tulipokwisha kupatana. Nilipaswa kumweleza siku ile ile.

Wadudu nao. Ukiona matundu madogo kama yaliyotobolewa na pini, mbao imeliwa na bungua. Swali ni kama wamo bado au wamekwisha kuondoka. Nagonga kwa kiganja, nafagia, natandaza karatasi nyeupe chini na kuacha wiki mbili. Ukikuta unga mpya mwepesi juu ya karatasi, wamo. Hapo natia dawa tundu kwa tundu kwa bomba la sindano, narudia, nangoja tena. Mteja anapiga simu: "Dada, vipi, mbona kimya?" Namwambia nangoja. Kumweleza mtu kwamba kungoja ni sehemu ya kazi anayoilipia ni kugumu kuliko kupiga msasa mkongo.

Lakini hali ya hewa ya mji huu inakulazimisha ungoje, utake usitake. Mwaka wangu wa pili nilipokea meza ya chakula na viti sita mwezi wa Aprili, katikati ya masika, kwa ajili ya sherehe. Nikapiga laka saa 12 jioni mvua ikiwa imekatika. Kesho yake meza nzima ilikuwa na ukungu mweupe kama kioo cha daladala lililojaa. Tina inapokauka haraka inapoza uso wa mbao, na hewa ikiwa na unyevu mwingi maji yanajikusanya pale juu na kunaswa ndani ya laka. Sasa masika napaka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri tu, tena siku yenye jua. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, ndio msimu wangu: hewa kavu kidogo, joto limepungua, upepo wa kusi unavuma lakini uani kwetu ukuta unauzuia. Kabla ya kupiga mkono wa mwisho namwagia sakafu maji ili vumbi litulie, nawafungia kuku wa bibi wa chumba cha pili, na nawaambia watoto wapite mlango wa mbele.

Na kuna kukauka, halafu kuna kukomaa. Rangi ya mafuta ukiigusa kesho yake haikushiki kidole, unadhani imemaliza. Bado. Ndani yake inaendelea kuwa ngumu kwa wiki kadhaa. Ukiirudisha kwa mteja siku ya pili na yeye akapanga sahani juu yake usiku ule ule, sahani zinang'oka na rangi. Tena rangi nyeupe ya mafuta inageuka njano mahali pasipopata mwanga. Utakuta kabati jeupe nje, ndani kama siagi. Siku hizi ndani ya makabati natumia rangi ya maji ya mbao. Rangi ya ukutani, ile emalsheni ambayo wengi hupaka fanicha kwa sababu imebaki kwenye ndoo, inanata kwenye joto letu. Vitabu vinagandana na rafu.

Wengi wananiuliza kuhusu rangi ya chaki. Wameiona YouTube: mtu Uingereza au Marekani anapaka bila msasa wowote, anasugua nta juu, kimekwisha. Rangi hiyo ilianzishwa Uingereza mwaka 1990 na Annie Sloan, na kweli inashika karibu kila kitu. Nimeijaribu ya kujitengenezea kwa unga wa jasi. Ni nzuri kwa fremu ya kioo au meza ya pambo. Kwa kiti cha kukalia Dar es Salaam mwezi wa Februari sikushauri, maana nta inalainika kwa joto, vumbi linashika, na kiti kinakuwa na kivuli cha mtu aliyekikalia. Wao wanapaka kwenye nchi ya baridi.

Sasa pesa.

Ninayo daftari. Mwanzo niliandika mapato na vifaa tu, na kila mwezi nilionekana nina faida. Kisha nikaanza kuandika siku, na kabati la Ilala ndilo lililonifanya nianze. Bei ya kwanza ilikuwa 280,000. Vifaa nilivyonunua madukani mtaa wa Gerezani 95,000. Kirikuu kuja na kurudi 40,000. Nilidhani ni kazi ya siku tisa, na kwa hesabu hiyo ningebaki na 145,000, yaani shilingi 16,000 na ushee kwa siku. Si haba kwa mtu aliye nyumbani. Lakini madoa yalitoka, kazi ikaanza upya, vifaa vikaongezeka 70,000, na siku zikawa 20. Mteja aliongeza 100,000, nitaeleza kwa nini. Nilichobaki nacho ni 175,000. Gawa kwa siku 20 upate 8,750. Umeme wa mashine ya msasa sikuutoa humo, wala chakula cha kijana aliyenisaidia kulibeba.

Tangu hapo sitaji bei kwenye simu. Naenda, nageuza droo, naandika mistari mitatu kwenye karatasi ya mteja: kuvua, kukarabati, kupaka. Kila mstari na pesa yake na siku zake. Mstari wa kuvua mara nyingi ndio mkubwa, na mteja anaushangaa, na hapo ndipo tunapozungumza vizuri. Wengine wanaghairi. Wengine wanasema basi vua mlango wa mbele tu. Nachukua asilimia 60 kabla ya kugusa kitu, na natoa tarehe nikiwa nimeongeza wiki moja ya mvua. Nimepoteza wateja kwa sababu ya karatasi ile. Sijapoteza pesa.

Vitu vya maranda yaliyogandishwa, vile vyepesi vilivyoumuka miguuni kwa maji ya deki, nawaambia ukweli kwamba sivitengenezi. Vikishaumuka havirudi. Viti vya henzerani navipokea mbao zake, kusuka nampelekea mtu anayejua, sijifanyi.

Nirudi kwenye kabati.

Baada ya mkono wa nne niliacha brashi, nikavuta droo ambayo nilipaswa kuigeuza wiki nzima iliyopita. Mninga. Mninga mtupu, mbao nzima, hata mgongoni ambapo mafundi wa leo wanaweka plaiwudi. Nilikuwa nimeipiga msasa vizuri sana mpaka nikaimaliza polishi yote ya zamani, nikijisifu kwa kazi safi, kumbe polishi ile ndiyo iliyokuwa imeshikilia rangi ya mti isitoke. Kisha nikaipaka rangi ya maji, na maji yakaivuta nje.

Ingewezekana kuficha. Mikono miwili ya shelaki juu ya madoa, handakoti, yaani rangi ya kutangulia, halafu nyeupe tena, na isingetoka kitu. Nilikuwa nayo shelaki ndani. Lakini nilikaa kwenye kigoda nikilitazama, nikampigia simu binti nikamwambia ukweli: nimekosea kutolitazama, na kabla sijaendelea naomba aje, aje na mama yake.

Walikuja Jumamosi. Nilimwamkia mama, nikamletea kiti, hakukaa. Alikwenda kwenye ule mlango wa kushoto, akaweka kidole juu ya doa.

"Si nilikuambia ni mninga," alimwambia binti yake, polepole. "Marehemu baba yako alilitoa Tabora. Lilikuja na treni. Tulilala stesheni tukilisubiri."

Binti hakuwa analijua hilo la stesheni. Nilieleza njia mbili na bei ya kila moja, na nikasema gharama ya kosa langu ni yangu. Binti akauliza, "Mama, wewe unataka nini?" Mama akajibu kwamba yeye anataka vyombo vyake vionekane. Tukazungumza pale karibu saa nzima. Mwisho wakaamua: nje lirudi mninga, ndani ya rafu tu paachwe peupe, baada ya kufungwa kwa shelaki. Binti akaongeza ile 100,000 bila mimi kuomba, kwa sababu kazi ilikuwa imebadilika.

Kuvua rangi nyeupe kutoka kwenye mninga siwatakii. Uso unasafishika, lakini mninga una vinyweleo virefu vilivyo wazi, na nyeupe inaingia mle na kukaa. Nilipomaliza msasa, stiliwaya na brashi ya waya laini, mlango ulikuwa umejaa vidoa vyeupe vidogo kama chenga za mchele. Nilimpigia mama kumweleza kwamba hiyo nitashindwa kuimaliza yote, itabaki kidogo.

Jumatatu alasiri alikuja peke yake, amepanda daladala, ana pochi na kanga mbili. Aliniomba mkeka. Akatandika mbele ya kabati, akatoa miwani, akatoa sindano ya kushonea nguo nzito, akaanza kutoa nyeupe kwenye nyuzi, kimoja kimoja. Nilimsihi aache, nikamwambia ni kazi yangu. "Miaka 30 nimechoma watu sindano," alisema. "Mkono wangu hautetemeki."

Alikuja alasiri tatu. Siku ya pili nilitafuta sindano yangu nikakaa upande wa pili wa mlango. Alinisimulia wodi za zamani, jinsi walivyochemsha mabomba ya sindano, na zamu za usiku. Daftari langu halina mahali pa kuandika alasiri zile, na sikuziandika. Siku ya tatu adhana ya magharibi ilitukuta bado tuko kwenye mguu wa nyuma, ule unaoangalia ukuta, ambao hakuna mgeni atakayeuona. Nilimwambia huo tunaweza kuuacha. Aliinama akautazama karibu, akachomeka sindano kwenye kona ya kanga isipotee, akakunja mkeka.

"Kesho nitakuja mapema," alisema. "Asubuhi pana mwanga."